Ukitoka Huingii Tena

Siku ya Chaki na Sindano
ilianza na sufuria, si filimbi.
Saa tatu asubuhi Somoe Nachundu
ameshatua mafiga nyuma ya goli la kusini,
ming'oko inatokota, mvuke unanukia udongo,
na sisi wa Chuo cha Ualimu, vumbi la ubao mikononi,
tunamenya kwa meno, tunachovya kwenye chumvi na pilipili,
tunawasubiri wauguzi tuwatanie.

Walikuja na lori la ushirika
lisilofagiliwa maganda ya korosho.
Walishuka wanajikuna, wanaimba.
Mfaume Likapa alilipiga debe mpaka likapasuka,
akaligeuza, akaendelea.

Mlangoni palikuwa na bakuli na daftari.
Huna hela? Acha korosho.
Huna korosho? Kuna tundu ukutani,
pita, lakini usimkanyage mwenzio.
Mechi ilianza mwamuzi akimaliza kula.

Mwaka huu nimelipa kwa simu.
Ujumbe ukajibu: *Ndugu mteja.*
Miaka yote hiyo niko Chaki,
leo ni mteja.
Mpira saa mbili usiku, televisheni imetaka hivyo,
na nina kiti chenye namba, mia mbili kumi na nne.
Mia mbili kumi na tano hajaja.
Ananiandikia kutoka Masasi, miguu juu ya stuli,
kwamba analiona jasho la kipa kuliko mimi.

Getini yuko Ausi, niliyemfundisha la nne B,
aliyekuwa akiandika jina lake bila *u*.
Anafungua mkoba wangu, anatoa chupa ya maji,
anang'oa kifuniko, ananirudishia chupa.
"Kifuniko kimekosa nini?"
"Utaratibu, mwalimu."
Mashine inasoma jina langu, inakataa, inasoma tena.
Inalia kama kifaranga. Pita.

Nisiseme uongo, choo hakikuwepo.
Tulijibana tangu filimbi ya kwanza hadi Chikongola.
Sasa viko sita, milango inafunga, sabuni ipo.
Na ule ukuta wenye tundu, mwaka ulipoelemewa,
ulimwangukia Mfaume.
Sindano walimfunga mguu palepale, jezi zao mwilini,
wakiwa wanaongoza mbili bila,
na hakuna aliyerudi kumalizia mechi.
Mfaume bado anachechemea. Hujambo yake huanzia gotini.
Kwa hiyo sikuja hapa kulilia ukuta.

Lakini mapumziko yalipofika, spika ikatangaza soda,
mia mbili kumi na sita akainamia simu,
mia mbili kumi na tatu akainamia simu,
nikajikuta nimebeba utani mzima mdomoni
sina wa kumpa.

Nikasimama.
"Mwalimu, ukitoka huingii tena."
"Najua kusoma, Ausi."

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya mstari wa njano
waliouchora kuwazuia wenye masufuria,
Somoe amekaa chini ya transfoma.
Figa ni zilezile, au ndugu zake.
Muuguzi mmoja mstaafu yupo, bi Zamoyoni,
kaja na tiketi yake mfukoni, hajaingia kabisa.
"Chaki mmefungwa?" akaniuliza.
"Bado mnaogopa kutufunga."
Akacheka mpaka mng'oko ukamtoka.

Ausi akavuka, zamu yake imeisha,
simu mkononi, mpira unaonekana humo
mdogo kama punje ya mtama.
Akachuchumaa. Akapewa fungu.

Ghafla uwanja ukanguruma juu ya ukuta mpya,
upande wa magharibi, upande wetu,
nikaruka na chumvi yangu.
Katika simu ya Ausi
mchezaji alikuwa bado anauweka mpira kwenye kona,
anarudi nyuma, hatua moja, ya pili.

"Msiniambie," akasema Ausi, "msiniambie."
Zamoyoni akaziba mdomo kwa khanga.
Somoe akafunua sufuria.
Tukamsubiri mtoto wa watu
afike.